Mahindi: tuuze ama tungoje? Namna ya kukadiria bei kwa kompyuta

Kuanzia Novemba, mahindi yakiwa bado yanaanikwa kwenye maturubai, swali katika kikundi chetu cha wakulima hapa Njoro huwa ni hilohilo: "Mwalimu, tuuze ama tungoje?" Mimi ni mwalimu wa hisabati na katibu wa kikundi, kwa hivyo swali huishia kwangu. Ninalijibu kwa kompyuta ya kawaida, data za bure na kanuni chache za uchumi, na njia hii inaweza kufuatwa na kikundi chochote chenye mtu mmoja anayejua kutumia lahajedwali. Nitaieleza kwa mahindi ya Nakuru, kisha niseme kwa nini viazi vinataka njia yake.

Anza kwa kalamu

Ukiuliza "bei ya mahindi itakuwaje?" hutapata jibu la maana, hata kwa kompyuta kubwa namna gani. Swali letu huwa tunaliandika hivi: gunia la kilo 90 la mahindi makavu, bei ya jumla mjini Nakuru, wiki ya mwisho ya Mei, litahitaji kufika shilingi ngapi ili aliyengoja tangu Desemba apate zaidi ya aliyeuza? Hapo pana zao, kipimo, soko, tarehe na uamuzi wa kufanya.

Hiyo "shilingi ngapi" haihitaji akili unde, yaani kompyuta inayojifunza kutokana na data. Tuseme Desemba broka anatoa 3,200. Mfuko usiopitisha hewa ni 250. Nafasi ya stoo ni 30 kwa mwezi, miezi mitano ni 150. Upungufu wa asilimia 2, yaani punje zinazooza au kuliwa, ni 64. Na kwa kuwa karo ya Januari haingoji Mei, mwenye mahindi atakopa sacco; kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya 3,200, miezi mitano ni 160. Jumla ni 624. Basi bei ya Mei isipofika 3,824, aliyeuza Desemba amepata zaidi. Namba hiyo tunaiita mstari wa kungoja. Watu wengi hulinganisha 3,200 ya Desemba na 3,600 ya Mei, wakaona faida ya 400, kumbe ni hasara ya 224.

Kila mtu ana mstari wake. Mama anayekopa kwa wale wakopeshaji wa mtaani wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi analipa riba ya 1,600 badala ya 160, na mstari wake unapanda hadi 5,264. Kwake jibu ni kuuza leo, hata kama kompyuta inasema bei itapanda vizuri. Ndiyo maana huwa siwapi watu utabiri kabla hawajapiga hesabu hii wenyewe. Mtu anaweza pia kuushusha mstari wake: tangu sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala, mahindi yaliyowekwa katika ghala lililoidhinishwa hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo wenye riba nafuu. Sharti ni yawe makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu (aflatoksini), isipite kiwango kinachoruhusiwa, mikrogramu 10 kwa kilo.

Hesabu hiyo pia inaeleza sehemu kubwa ya mwendo wa bei. Bei hupanda kati ya Januari na Juni kwa sababu kuna mtu analipia stoo, riba na hasara ya wadudu, na hawezi kuendelea kufanya hivyo bila kulipwa. Huwa chini mwisho wa mwaka kwa sababu Trans Nzoia, Uasin Gishu na sisi wa Nakuru tunavuna karibu pamoja, na familia nyingi zinauza kwa wakati mmoja ili watoto warudi shule. Kuanzia Julai na Agosti yanaingia mahindi ya Uganda na ya Busia, Bungoma na Kakamega, na anayeendelea kungoja anakutana na malori hayo. Kompyuta itagundua mwendo huu kwa namba tu. Wewe unatakiwa kujua sababu, ili mwaka sababu ikibadilika usikae ukingoja mwendo wa zamani.

Data, na shida ya vipimo

Chanzo cha kwanza ni mfumo wa bei za masoko wa Wizara ya Kilimo, KAMIS, ulio kwenye intaneti. Chagua zao na soko, upakue bei za jumla na za rejareja. Cha pili ni data ya Mpango wa Chakula Duniani, WFP, inayoanzia mwaka 2006 na ina bei za kila mwezi za masoko kadhaa ya Kenya. Cha tatu ni daftari lenu. Msilidharau daftari. Bei ya mtandaoni ni ya mjini, na mkulima wa barabara ya Mau Narok huuza langoni kwake. Tofauti ya bei hizo mbili mtaipata kwa kuandika tu.

Kinachoharibu utabiri kuliko kitu kingine chochote ni vipimo. Katika soko moja huku magharibi mama mmoja alikuwa na gorogoro mbili, yaani makopo ya kupimia ya kilo mbili hivi, mezani, na zote kwa macho ni gorogoro. Nilipozimimina mahindi juu ya mizani yangu ndogo, moja ilitoa kilo 2.2 na nyingine, iliyobonyezwa kitako kuelekea ndani, 1.9. Ya pili ndiyo ya kuuzia. Bei ya gorogoro ikibaki palepale na kitako kikabonyezwa zaidi, mahindi yamepanda bei na daftari halijui. Viazi ndivyo vibaya zaidi: kanuni za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50, lakini lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, bado zinapita, na ukiandika "gunia" bila kilo umeandika kitu kisicho na maana. Kwa hivyo safu ya kwanza katika lahajedwali yetu ni shilingi kwa kilo, na kila bei inagawanywa kabla haijaingia. Ukiona mwezi mmoja bei imeruka mara mbili kisha ikarudi, shuku kwanza kwamba mtu aliandika bei ya gunia mahali pa bei ya kilo, au aliandika rejareja mahali pa jumla.

Jambo lingine: shilingi ya mwaka 2010 si shilingi ya leo. Gawanya kila bei kwa fahirisi ya bei za walaji, kipimo cha mfumuko wa bei, inayotolewa kila mwezi na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS. Usipofanya hivyo, kompyuta itajifunza kwamba kila kitu hupanda daima, na itakushauri kungoja kila mwaka.

Safu nyingine, na sababu ya kila moja

Hapa ndipo uchumi unapoongoza akili unde. Mtu mwenye data nyingi huona raha kumwagia kompyuta kila kitu ajionee itakachopata. Kwa bei za kila mwezi tangu 2006 una mistari mia mbili na kidogo, na ukiipa safu hamsini itapata uhusiano wa uongo bila shida yoyote. Sisi tunaingiza tu safu ambayo mtu anaweza kuitetea mbele ya kikundi.

Bei ya mwezi uliopita na ya miezi mitatu iliyopita zinaingia, kwa sababu bei hubeba habari ambazo wafanyabiashara tayari wanazo. Mwezi wa mwaka unaingia, kwa sababu ya misimu niliyoeleza.

Bei ya Busia, mji wa mpakani na Uganda, inaingia, na kwangu hii ni safu ya thamani kuliko zote. Mahindi ya Uganda huingia bila ushuru wa forodha kwa sababu tuko katika soko moja la Afrika Mashariki, ilhali ya nje ya kanda kwa kawaida hutozwa asilimia 50. Kwa hivyo ukichukua bei ya kilo pale Busia, ukaongeza nauli ya lori hadi Nakuru, kupakia, kupakua na faida ya mfanyabiashara, unapata dari. Bei ya Nakuru ikipita dari hiyo, malori yanawashwa. Tuseme Busia kilo ni 38, na gharama zote za kuifikisha hapa ni shilingi 5 kwa kilo: dari ni 43 kwa kilo, au 3,870 kwa gunia. Ukilinganisha na mstari wa kungoja wa 3,824, unaona mwaka huo kungoja kunakuachia shilingi 46 kwa gunia. Hesabu hiyo ya dakika mbili wakati mwingine hunimalizia kazi yote ya kompyuta.

Dari linaweza kuondolewa ghafla. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu tena kwa masharti. Mwaka 2017 serikali ilifidia unga hadi shilingi 90 kwa pakiti ya kilo 2, na Julai 2022, uchaguzi ukikaribia, hadi 100. Mwaka 2023 bei ya serikali ya kununulia kwa Halmashauri ya Nafaka na Mazao iliwekwa 4,000 kwa gunia. Haya yote tunayaweka katika safu ya sera: 1 kwa mwezi ambao sera ilikuwapo, 0 kwa mwezi mwingine. Safu hiyo haitatabiri tangazo lijalo. Kazi yake ni kuizuia kompyuta isidhani miezi hiyo ilikuwa ya kawaida.

Dizeli inaingia kupitia bei zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14, kwa sababu lori ndilo linalounganisha masoko. Mvua inaingia kutoka CHIRPS, kumbukumbu ya mvua inayokadiriwa kwa setilaiti tangu 1981 na inapatikana bure hata kwa eneo dogo la kilomita tano hivi. Chukua mvua ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, si ya kwenu tu. Ghala la taifa liko huko, na mvua ya huko ya Aprili hadi Agosti ndiyo itakayoamua bei yako ya Desemba.

Kompyuta sasa

Tunatumia Python, lugha ya kuandikia programu, ndani ya Google Colab, huduma ya Google ya mtandaoni. Hesabu zinafanyika kwenye mashine zao, kwa hivyo kompyuta nzee inatosha ikiwa na kivinjari na bando.

Modeli (kanuni ya kukadiria bei) ya kwanza isiwe ya akili unde kabisa. Iwe hii: bei ya Mei itakuwa sawa na bei ya leo. Ya pili: bei ya leo ikiongezwa kwa asilimia ambayo kwa wastani hupanda kati ya Desemba na Mei. Andika makosa ya kila moja kwa miaka iliyopita. Hizo mbili ndizo ambazo modeli nyingine lazima zizishinde. Kwa mwezi mmoja mbele, kuishinda "sawa na leo" ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, na modeli yoyote ya kifahari isiyoishinda haina haki ya kutajwa kwenye mkutano wa wakulima. Baada ya hapo tunajaribu rigresheni ya kawaida, yaani mlinganyo unaoipa kila safu uzito wake, kisha modeli ya miti mingi ya maamuzi kama XGBoost.

Modeli za miti zina udhaifu ambao wauzaji wa programu hawautaji: haziwezi kutoa namba kubwa kuliko zile zilizowahi kuziona. Mti hugawa data ya zamani katika mafungu, na jibu lake ni wastani wa fungu. Ukiifundisha kwa bei za hadi mwaka 2021 halafu ukaileta mwaka 2022, gunia lilipovuka 5,000, itakaa chini ikirudia bei za zamani huku soko likipanda. Dawa ni kutoitabirisha bei yenyewe. Itabirishe mabadiliko kwa asilimia kutoka leo, kisha wewe uzidishe na bei ya leo. Mabadiliko ya asilimia 30 imeshayaona mara kadhaa, hata kama 5,000 haijaiona.

Kupima kufanywe kwa kusonga mbele na wakati. Ifundishe hadi Desemba 2015, itabiri Mei 2016, andika kosa. Iongezee mwaka, itabiri Mei 2017, andika. Programu nyingi za mafunzo huchanganya mistari ovyo kabla ya kupima, na matokeo yake kompyuta inasoma Juni 2017 ili "itabiri" Mei 2017. Alama zitapendeza sana, na shambani hazitasaidia mtu.

Makosa uliyoandika ndiyo yanayokupa upana wa utabiri. Yapange kutoka dogo hadi kubwa, ukate sehemu ya kumi ya chini na ya kumi ya juu, kisha kosa dogo na kubwa kati ya yaliyobaki uyaongeze kwenye utabiri, upate ncha ya chini na ya juu. Badala ya kusema "4,000", tunasema "kati ya 3,500 na 4,650, na mara sita kwa kumi itapita 3,824". Mzee mmoja wa kikundi aliniuliza, "Sasa mwalimu, hiyo si ni kama kusema hujui?" Nilimjibu: "Mzee, mvua ikiwa sita kwa kumi, utaanika mahindi yote nje?" Alisema angeanika nusu. Nasi ndivyo tunavyoshauri: uza ya karo na ya madeni, weka ile ambayo bei ikianguka hadi 3,500 bado watoto watakula.

Roboti wa mazungumzo

Vijana wengi sasa wanafungua simu na kumuuliza roboti wa mazungumzo bei ya mahindi Nakuru Mei ijayo. Atajibu kwa ufasaha, mara nyingi na namba kabisa. Namba hiyo inatokana na maandishi aliyoyasoma. Hajapima chochote, na mara nyingi hajui bei ya wiki hii pale sokoni. Usiuze wala kuzuia gunia hata moja kwa jibu hilo.

Lakini kwa kazi nyingine anafaa sana, na ningekuwa nawanyima msaada nikisema wamwache. Anaandika programu za Python ukimweleza kwa Kiswahili unachotaka, na ukipata kosa unambandikia ujumbe wa kosa akurekebishie. Ukimpa picha ya ukurasa wa daftari anaugeuza kuwa jedwali. Hakikisha mtu mwingine analinganisha kila mstari na daftari, kwa sababu 3 na 8 za mwandiko wa mkono humchanganya. Anasoma taarifa ndefu ya Idara ya Hali ya Hewa kuhusu mvua za Machi hadi Mei na kukutolea sehemu inayohusu kaunti yako. Na anatunga ujumbe mfupi wa simu kwa Kikuyu au Kijaluo, ambao mwenye lugha lazima ausome kabla haujatumwa.

Viazi

Shangi, aina ya viazi inayolimwa Molo, Kuresoi na Mau Narok, haingoji mtu. Inachipua mapema mno ikivunwa, kwa hivyo hakuna mstari wa kungoja. Utabiri wa viazi unatakiwa siku ya kupanda: nipande ekari ngapi, na lini?

Hapa uchumi una onyo la siku nyingi. Mwaka 1938 mchumi wa Marekani Mordecai Ezekiel alieleza mzunguko unaoitwa utando wa buibui: bei ikiwa juu, wakulima wote wanapanda, mavuno yanafika pamoja, bei inaanguka, wanakata tamaa na kupanda kidogo, na bei inapanda tena. Ukitembea Molo utauona. Kwa hivyo katika modeli ya viazi, bei ya miezi mitatu hadi minne iliyopita mara nyingi huvuta upande wa pili: ilivyokuwa juu wakati wa kupanda ndivyo inavyoweza kuwa chini wakati wa kuvuna. Safu bora kuliko hiyo haipo mtandaoni. Ni kuwauliza wauzaji wa mbegu na wa dawa za mimea mauzo ya msimu huu yakoje ukilinganisha na uliopita, ukaandika 1 kwa pungufu, 2 kwa sawa, 3 kwa zaidi. Tukiona 3 kila duka, tunashauri wenye maji ya kumwagilia wachelewe kupanda au wapunguze ekari.

Kisha tenganisha bei ya shambani na ya mjini. Mvua kubwa ikiharibu barabara za Kuresoi, lori halifiki: Nairobi viazi vinapanda, na langoni kwa mkulima vinaanguka kwa sababu broka ni mmoja na trekta la kuvuta ni lake. Modeli iliyofundishwa kwa bei ya Nairobi pekee itampa mkulima huyo habari njema isiyo yake. Tunatabiri bei ya Nairobi, na tunatabiri pengo kati yake na shamba, mvua ikiwa safu ya kwanza katika pengo.

Kutuma na kuweka kumbukumbu

Ujumbe wetu wa Desemba huwa mfupi: "Mahindi Nakuru, mwisho wa Mei: kati ya 3,500 na 4,650 kwa kilo 90. Dari ya Busia leo 3,870. Piga mstari wako kabla ya kuuza. Tutasahihisha tarehe 15 Januari." Tarehe hiyo ni siku moja baada ya EPRA kutangaza dizeli. Tunausahihisha kila mwezi, kwa sababu utabiri wa Desemba ukifika Machi umeshachakaa.

Ubavuni mwa kila utabiri tunaacha nafasi ya bei halisi, na mwisho wa Mei anayeijaza ni mweka hazina, si mimi. Miezi ambayo bei imetoka nje ya upana wetu tunaiandikia sababu kwa mstari mmoja: tangazo la serikali, mpaka, mvua, viwavijeshi. Sababu ikijirudia, inapewa safu yake msimu unaofuata. Na safu ambayo kuiondoa hakuongezi makosa inatolewa.